Sauti anazosikia kaka, na daftari la chuo

Maswali ya wachumba na ya vikoba nimeyaweka kando wiki hii kwa ajili ya barua moja ndefu iliyotoka Matwebe, kwetu Rungwe. Aliyeiandika ni binti anayesoma saikolojia chuoni, amerudi nyumbani likizo. Kaka yake, kijana wa miaka ishirini na kitu, tangu mwaka jana anasikia watu wakimsema akiwa peke yake chumbani. Kuna siku hagusi chakula, anasema kimetiwa kitu. Hospitalini waliambiwa ni skizofrenia, akaandikiwa vidonge.

Binti anauliza hivi: "Dada, kwenye daftari langu nimeandika kwamba ugonjwa huu unatokana na kasoro ya utambuzi, yaani namna ubongo unavyopokea habari, kuzichuja na kuzipanga. Mama anasema ni pepo. Baba mdogo anasema ni bangi. Mimi ndiye niliyesoma, wote wananitazama mimi, na nikimwangalia kaka sina la kusema. Nishike lipi?"

Mdogo wangu, daftari lako lina ukweli mwingi, ila umelipa kazi isiyo yake. Maelezo ya kiutambuzi yanajibu vizuri swali moja: sasa hivi, kaka anaposikia sauti, ndani yake kunatokea nini? Swali la kwa nini yeye na siyo wewe, kwa nini mwaka jana na siyo miaka mitano nyuma, hayalijibu. Ukilijua hilo utaacha kulilaumu daftari, na utaanza kulitumia pale linapofaa, ambapo ni hapohapo nyumbani kwenu, mezani na sebuleni.

Tuanze na nguvu yake. Mwaka 1992 mwanasaikolojia Mwingereza aitwaye Christopher Frith alitoa kitabu kilichobadilisha mazungumzo haya. Wazo lake ni kwamba kila tunapotenda au kuwaza, ubongo huweka kumbukumbu ya nia yetu, kama kusema "hili limetoka kwangu." Ndiyo maana huwezi kujitekenya ukacheka: ubongo umeshajua mkono unakuja, na umepunguza makali ya mguso. Sasa chukulia kumbukumbu hiyo haifiki inapotakiwa. Wazo lako mwenyewe linakujia bila alama ya kuwa ni lako. Utalisikia kama sauti ya mtu mwingine. Mkono wako ukiinuka, utahisi umeinuliwa.

Hilo halikubaki wazo la kitabuni. Mwaka 2000 Sarah-Jayne Blakemore, Frith na wenzao walilipima kwa mguso wa kiganjani. Watu wa kawaida walisema mguso wa mtafiti una nguvu kuliko ule wa kujigusa wenyewe. Wagonjwa waliokuwa wakisikia sauti, au wakihisi wanaongozwa na nguvu ya nje, hawakuona tofauti. Na zamani zaidi, katika miaka ya 1940, daktari wa Marekani Louis Gould alimchunguza mgonjwa mmoja aliyekuwa na mnong'ono hafifu wa kooni. Alipoukuza kwa mitambo, maneno yaliyosikika yaliendana na yale ambayo mgonjwa alisema sauti zinamwambia.

Rudi sasa kwa kaka yako. Anaposema "nimewasikia," hasemi uongo, hadeki, wala hatafuti kuhurumiwa. Amesikia kweli. Kwangu mimi hii ndiyo zawadi kubwa ya maelezo haya: yanamrudishia mgonjwa heshima ya kuaminiwa kwamba anachokipata anakipata kweli.

Kuna kipande cha pili, kinachohusu chakula. Mwaka 1988 Philippa Garety na wenzake London walitumia mitungi miwili ya shanga. Mmoja una shanga 85 za rangi moja na 15 za rangi nyingine, wa pili umegeuzwa. Mtafiti anatoa shanga mojamoja bila wewe kuona mtungi, na unatakiwa useme zinatoka upi. Wengi wetu tungeomba shanga kadhaa kabla ya kuamua. Watu wenye imani potofu zinazowatesa waliomba chache zaidi, baadhi wakakata shauri baada ya shanga moja au mbili tu. Matokeo hayo yamejirudia mara nyingi tangu hapo. Kaka yako akikuta mchuzi una chumvi kuliko jana, kwake hiyo ni shanga moja inayotosha. Ameshaamua kuna sumu. Ukimfokea "acha ujinga," unampa shanga ya pili: hata wewe umo kwenye njama.

Sasa udhaifu, na hapa nataka unisikilize vizuri, maana ndipo watu wengi waliosoma nusu wanapoumiza wagonjwa wao.

Udhaifu wa kwanza nimeugusa juu. Kuonyesha mahali paa linapovuja si kueleza kilichotoboa bati. Frith anatuambia kumbukumbu ya nia haifiki. Hatuambii ni nini kilichoizuia isifike. Kwa hilo inabidi tutoke kwenye saikolojia peke yake. Urithi una sehemu yake, ila hata kwa mapacha wa kufanana, mmoja anaweza kuugua na mwenzake akabaki mzima maisha yake yote. Bangi ina sehemu yake pia, hasa inayovutwa mapema na kwa wingi, kwa hiyo baba mdogo wako hajasema upuuzi. Kosa lake ni kuifanya kuwa sababu yote. Wapo waliougua bila kuijua hata harufu yake. Zipo shida za wakati wa kuzaliwa, yapo mateso ya utotoni, zipo hekaheka za maisha.

Halafu kuna suala la kipi kimetangulia. Mwaka 2006 John Stirling na wenzake Uingereza waliwapa wagonjwa 30 na watu 18 wasio wagonjwa jaribio la rangi: neno "nyekundu" limeandikwa kwa wino wa kijani, wewe utaje rangi ya wino na kulipuuza neno. Wagonjwa walichukua zaidi ya mara mbili ya muda wa wenzao. Vitabu vingi hulitaja jaribio hili kama ushahidi kwamba utambuzi ukiharibika ugonjwa hufuata. Mimi nauliza: mtu ambaye hajalala vizuri, anayemeza dawa zinazomfanya awe mzito, ambaye kichwani ana watu watatu wanaobishana, unategemea ataje rangi kwa kasi gani? Huenda uzito huo ni zao la ugonjwa au la dawa. Majaribio kama haya yanapima watu ambao tayari wameshaugua, kwa hiyo hayawezi peke yake kukuambia kilichoanza. Na kwenye mtihani wako, mdogo wangu, ukiandika hilo kwa hoja, mwalimu atajua umefikiri.

Udhaifu mwingine hausemwi sana, lakini mama yako anauona kila siku. Maelezo haya yana maneno mengi juu ya sauti na imani za ajabu, na machache juu ya ule ukimya. Kaka anayekaa kitandani hadi saa saba mchana, haogi, hacheki, rafiki zake wa mpira wakija anageukia ukutani. Frith alijaribu kueleza hata hili, kwamba uwezo wa kuanzisha jambo kwa nia yako mwenyewe ndio uliopungua, lakini ushahidi wa hapo ni mwembamba ukilinganisha na ule wa sauti. Na mara nyingi ni ukimya huo, kuliko sauti, unaomaliza nguvu za familia.

Nikiwa hapo niseme jambo juu ya kemia ya ubongo, kwa sababu wanafunzi huandika kana kwamba inapingana na maelezo ya utambuzi. Mwaka 2003 daktari Shitij Kapur alitoa pendekezo linalozileta pamoja. Dopamini, kemikali ambayo dawa nyingi za ugonjwa huu huizuia, ndiyo inayoyapa mambo uzito, ndiyo inayotufanya tuone kwamba kitu fulani kinatuhusu. Ikizidi, kila kitu kinakuhusu: gari lililopita, kicheko cha jirani, wimbo wa redioni. Akili inatafuta hadithi ya kueleza uzito huo, na hadithi hiyo ndiyo imani potofu. Dawa hupunguza uzito, haifuti hadithi. Ndiyo sababu kaka anaweza kumeza vidonge wiki kadhaa, akatulia, akalala, na bado akasema chakula kilitiwa kitu. Msiseme dawa imeshindwa. Hadithi inalegea polepole, na nyinyi mnaokaa naye ndio mtakaoisaidia ilegee.

Sasa nije nyumbani kwetu Rungwe, maana hatukuanza kuwaza juu ya wazimu siku Frith alipochapa kitabu. Monica Wilson na mumewe Godfrey waliishi miongoni mwa wazee wetu Wanyakyusa kati ya 1934 na 1938, na baadaye Monica akaandika aliyoyaona misibani. Mary Douglas akayachukua maandishi yake katika kitabu chake cha 1966 juu ya uchafu na usafi. Wazee walisema kuna wazimu wa aina mbili: mmoja unatoka kwa Mungu, mwingine unatokana na kuacha mila. Dalili kuu ya mwenda wazimu kwao ilikuwa kula uchafu, yaani kushindwa kutenganisha kinacholika na kisicholika. Ndiyo maana msibani waliukaribisha uchafu kwa makusudi, wakiwasogezea wafiwa takataka kwa taratibu zake, ili wazimu usije baadaye wenyewe. Mimi nikiyasoma hayo naona wazee waligusa jambo lile lile kwa njia yao: kwamba kiini cha ugonjwa ni kupotea kwa uwezo wa kutenganisha, iwe ni chakula na uchafu, iwe ni langu na la mwenzangu. Tofauti ni kwamba wao waliliweka kosa kwenye mila ya ukoo mzima. Frith analiweka ndani ya kichwa cha mtu mmoja.

Na hapo ndipo penye udhaifu mwingine. Kosa likiwekwa kichwani mwa mtu, ni rahisi familia kusema: basi arekebishe kichwa chake. Juli McGruder, Mmarekani aliyekaa Zanzibar miaka kadhaa akifuatilia familia za wagonjwa wa hospitali ya Kidongo Chekundu, aliona kwamba familia zilizoamini mashetani hazikumlaumu mgonjwa. Ugonjwa ulikuja, ukaondoka, ungeweza kurudi. Yeye alibaki mwenzao kati ya mashambulizi mawili. Hilo si jambo dogo. Huko London, George Brown na baadaye Christine Vaughn na Julian Leff, mwaka 1976, walionyesha kwamba wagonjwa wanaorudi kwenye nyumba za lawama, ukali, au kufuatwafuatwa kupita kiasi, huanguka tena mara nyingi zaidi kuliko wanaorudi kwenye nyumba tulivu. Kwa hiyo usimcheke mama kwa kusema pepo, wala usimpokonye. Kama neno hilo linamfanya ampe mwanawe uji wa moto bila kumsuta, limefanya kazi ambayo daftari lako halijaifanya bado.

Lakini kuna mahali ambapo sitakubaliana na mama hata chembe. Mwishoni mwa barua umeandika, kama jambo la kupita tu, kwamba sauti zinamtaja shangazi yenu, na kwamba sasa shangazi haji tena nyumbani. Mdogo wangu, hili lisipite. Nimeona koo zikigawanyika kwa ajili ya jina lililotajwa na mgonjwa. Hapa maelezo ya utambuzi yana faida ambayo hakuna maelezo mengine niyajuayo yanayoifikia: yanasema wazi kwamba jina hilo limetoka kwenye hofu na kumbukumbu za kaka mwenyewe. Mwaka 2015 Tanya Luhrmann na wenzake waliandika juu ya watu 60 wanaosikia sauti, 20 California, 20 Accra nchini Ghana, 20 Chennai nchini India. Wamarekani wengi walisikia vitisho na matusi. Accra wengi walisema wanamsikia Mungu. Chennai wengi walisikia ndugu wakiwaelekeza kazi za nyumbani. Maana yake sauti huvaa nguo za mahali. Rungwe, ambako kijana amekua akisikia nani kamroga nani, sauti itamtaja shangazi. Ukiuliza sauti inatokeaje, Frith anasaidia. Ukiuliza ni kwa nini inasema hivyo, sharti umtazame kijana na kijiji chake, na nadharia nyingi za utambuzi zimekuwa bubu hapo.

Kwa hiyo nenda kwa shangazi wewe mwenyewe, kabla likizo haijaisha. Mweleze kwamba aliyetaja jina lake ni ugonjwa. Na baba mdogo akianza kulirudia jina hilo kilabuni, mkumbushe kwamba Sheria ya Uchawi, ambayo mizizi yake ni enzi za Waingereza mwaka 1928, ipo mpaka leo na inamfanya mwenye kumtuhumu mwenzake uchawi kuwa mkosaji.

Umeuliza pia kama kaka anaweza kupata yale matibabu ya mazungumzo mliyofundishwa. Mwanzo wake ni mwaka 1952, Aaron Beck alipoandika juu ya mgonjwa mmoja aliyeamini anafuatiliwa, akamsaidia kuichunguza imani hiyo taratibu. Leo Uingereza inapendekeza matibabu hayo pamoja na dawa. Sitaki nikudanganye: tafiti zilipojumlishwa, kama ile ya Sameer Jauhar na wenzake mwaka 2014, faida ilionekana ipo lakini ni ndogo. Na kwetu wataalamu wa kuyatoa ni wachache mno. Kinachonipa moyo ni kazi iliyofanywa na watafiti wa chuo kikuu cha afya cha MUHAS na wenzao wa Chuo Kikuu cha Duke, waliyoiita KUPAA, Kuwezeshana Kupata Uzima. Waliijaribu Muhimbili na pia Hospitali ya Rufaa ya Kanda Mbeya: mgonjwa na ndugu yake wanakaa pamoja kwenye kikundi, wanajifunza ugonjwa, wanajifunza kuongea bila kugombana. Mbeya, mdogo wangu, siyo ng'ambo. Mkienda kliniki ulizeni kama kuna vikundi vya aina hiyo.

Wakati mnasubiri, haya yanawezekana kwenu leo. Kaka akisema anasikia watu, mwambie: "Mimi siwasikii, ila najua wewe unawasikia, na najua inatisha." Usikubali kwamba wapo, usibishane kwamba hawapo. Ongeeni mmoja mmoja, kwa sentensi fupi, redio ikiwa imezimwa. Kumbuka lile jaribio la rangi, kuchuja kelele kunamchosha. Mwenyewe akitaka kuvaa spika za masikioni asikilize nyimbo, au aimbe kwa sauti, mwacheni, wengi hupata nafuu hivyo. Chakula apakue mwenyewe kutoka sufuria moja na nyinyi, na mama aanze kula mbele yake. Hiyo ni kumwongezea shanga bila hotuba. Akisema shangazi amemfanyia kitu, muulize polepole: "Ni nini kingine kingeweza kuwa kimetokea?" Usimalize swali kwa jibu. Liache.

Siku za ukimya, mpeni kazi ndogo yenye mwisho unaoonekana: kukata mkungu mmoja wa ndizi, kujaza ndoo moja. Asipoimaliza, msihesabu.

Dawa zisikatishwe kwa sababu ametulia, wala kwa sababu kuna mfungo wa maombi. Mchungaji aombe, na kidonge kimezwe. Akianza kukakamaa shingo, kutetemeka, kudondokwa na mate au kushindwa kukaa mahali pamoja, hayo ni madhara ya dawa na yana tiba yake. Rudini mapema mkaseme, msimwache aamue mwenyewe kuzitupa chooni. Anzeni hospitali ya wilaya pale Makandana, mumuulizie mratibu wa afya ya akili. Wakiona imewazidi watawaandikia rufaa ya Mbeya. Beba daftari jingine, siyo la chuo, uandike siku alizolala, siku alizokula, dawa alizomeza na alichosema sauti zimesema.

Hapo pa mwisho ndipo pa kuangalia kuliko pote. Sauti zikianza kumwamuru ajiue, au amdhuru mtu, au zikimtuma nyumbani kwa shangazi usiku, msisubiri siku ya kliniki. Ondoeni panga na kamba na dawa za kunyunyizia shambani, abaki na mtu anayempenda, na mumpeleke siku hiyohiyo, kwa bodaboda wakiwa wawili wa kumshika, au kwa gari la jirani. Msimfunge minyororo. Akifika, mtangulie kwa daktari wewe, ukamwambie maneno yenyewe aliyoyasikia, neno kwa neno, kama ulivyoyaandika.